Aretha usiku 3 mfululizo: boksi hili ni mali au ni kurudia rudia tu?

Kuna mshkaji wangu tunabishana muziki tangu enzi za kanda za kaseti, juzi nikampa flashi yenye lile boksi la mwimbaji wa soul Aretha Franklin na King Curtis, Don't Fight the Feeling, sidii 4 za shoo zote za Fillmore West, nikamwambia kaa nalo wiki moja halafu uniambie. Siku ya tatu tu akanitumia voisi ndefu mpaka nikaweka simu mezani nikaendelea kupika, na hoja yake kwa kifupi ni kwamba huu ni wizi wa kistaarabu, yaani unamuuzia mtu Respect ileile mara tatu, Dr. Feelgood ileile mara tatu, halafu unamwambia hii ni hazina. Nikamjibu kimkato kwamba hajasikiliza vizuri. Ila baadae nikakaa nikawaza nikaona jamaa ana hoja, tena hoja nzito, ndo maana naandika.

Kwanza tuweke mambo sawa kwa ambaye hana habari. Machi 1971, Ijumaa tarehe 5 mpaka Jumapili tarehe 7, Aretha alipiga shoo San Francisco kwenye ukumbi wa Fillmore West, ukumbi wa promota Bill Graham, pale palikuwa nyumbani kwa mahipi na muziki wa roki, watu walikuwa wanakaa chini sakafuni au wanasimama, hamna meza wala vitambaa vyeupe. Prodyuza wake Jerry Wexler wa kampuni ya rekodi ya Atlantic alikuwa na wasiwasi kweli kweli, aliona wale vijana wa nywele ndefu hawatamwelewa, na isitoshe Graham hakuwa na uwezo wa kumlipa Aretha hela aliyozoea, ikabidi kampuni yenyewe ijazie. Lakini walikuwa wanarekodi, kwa hiyo hela ingerudi kwenye santuri. Na ilirudi, Aretha Live at Fillmore West ikatoka mwaka huohuo na nyimbo 10, ikapanda mpaka nafasi ya 7 kwenye chati ya albamu za Billboard. Bendi ilikuwa ya King Curtis, jamaa wa saksofoni, na ukitaja waliokuwa nyuma yake unaweza kulia: Bernard Purdie kwenye dramu, Jerry Jemmott kwenye besi, Cornell Dupree kwenye gitaa, Billy Preston kwenye ogani, na Memphis Horns wanapuliza.

Ile santuri Wexler na prodyuza mwenzake Arif Mardin waliichonga kutoka kwenye usiku tatu. Wamechukua hiki hapa, kile pale, wameunga, ukiisikiliza unadhani ni usiku mmoja wa ajabu. Mwaka 2005 ndo kampuni ya Rhino Handmade wakatoa kila kitu kwenye hili boksi, kopi 5,000 tu zenye namba.

Sasa ugomvi wenyewe.

Upande wa mshkaji. Albamu ya laivu iliyochongwa vizuri ni kazi ya sanaa na anayechonga ni msanii pia. Wexler na Mardin walikuwa na masikio, walikaa na zile tepu wakaamua hii Bridge Over Troubled Water inaingia na ile nyingine inabaki kabatini, na maamuzi yao ndo yamefanya watu waipende ile santuri miaka yote hii. Ukimwaga kila kitu mezani unasema nini? Unasema uamuzi hauna maana, msikilizaji ajichambulie mwenyewe. Ni kama umeenda kwa mama ntilie ukaagiza pilau, badala ya sahani anakuletea sufuria, viazi ambavyo havijamenywa, na gunia la mchele, anakwambia vyote ni vyako. Hiyo si ukarimu jamani.

Na kuna kitu kingine hajakisema yeye nakisema mimi, ile habari ya kopi 5,000. Unachukua rekodi za mwanamke aliyeimbia watu wa kawaida kabisa, mtoto wa mchungaji wa Detroit, halafu unazifungia kwenye boksi la wakusanyaji wenye hela, lenye namba kama kiwanja. Mtu anaweka kwenye shelfu, halifungui, anangoja bei ipande. Hilo sina namna ya kulitetea, na mtu yeyote anayesifia boksi hili bila kugusa hilo anakwepa.

Ukitaka kuona ugonjwa huu ukifika mwisho angalia lile la Elvis la 2019, Live 1969, sidii 11, shoo 11 nzima nzima za Agosti 1969 pale hoteli ya International, Las Vegas, mpangilio wa nyimbo karibu uleule kila usiku. Mimi nampenda Elvis wa mwaka ule, sauti ilikuwa imeiva, bendi kali, lakini kwenye shoo ya nne nikawa nafua nguo na sisikii tena kinachoimbwa. Hapo namuunga mkono mshkaji moja kwa moja.

Na njia nyingine ya kufanya mambo ipo. Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazi, Mei 1961, alikuwa akipiga klabu ndogo Hollywood inaitwa Crescendo, prodyuza wake Norman Granz akarekodi, ikatoka santuri moja ya nyimbo 12. Tepu zikalala mpaka 2009, kampuni ya Verve wakatoa boksi la Twelve Nights in Hollywood, sidii 4, nyimbo 76, wakaongeza na za 1962 alivyorudi palepale. Tofauti yake ni kwamba hawakumwaga kila kitu, walichagua, wakakupa upana wa nyimbo alizokuwa anazijua, ambao unatisha. Unakaa masaa, Lou Levy kwenye piano, Herb Ellis kwenye gitaa, ukumbi mdogo mpaka unahisi umekaa meza ya tatu, na huchoki. Kwa hiyo mtu akisema boksi la laivu linaweza kuwa kubwa bila kuwa gunia, ushahidi anao.

Haya sasa upande wangu, na mtanivumilia maana ndo nina maneno mengi.

Kosa la mshkaji, naona, ni kwamba analipima boksi kwa kipimo cha albamu. Anahesabu nyimbo nzuri kisha anagawa kwa jumla. Kwa kipimo hicho ile santuri ya 1971 inashinda na mimi nakubali bila kupigwa, mtu hajawahi kumsikia Aretha laivu aanze na ile, asiguse boksi. Ila boksi la shoo nzima swali lake lingine kabisa: baada ya kulisikiliza, kuna kitu umekijua kuhusu huyu mwimbaji ambacho hukukijua? Kama hamna, basi ni gunia. Kwa Aretha kipo, na cha ajabu kinatoka kwenye kurudia kulekule ambako jamaa anakulalamikia.

Chukua Bridge Over Troubled Water. Waitikiaji wake wanaanza na ule mstari wao kuhusu maji yaliyotulia, wanaurudia taratibu, kinanda kinatambaa, yeye bado kabisa hajaingia. Kwenye santuri niliusikia miaka mingi nikidhani ni upepo wa usiku ule, roho imeshuka wakajikuta wanaimba. Kwenye boksi unagundua hapana, huo ni mpango, umefanyiwa mazoezi, kesho yake utausikia tena. Mara ya kwanza niliumia kidogo kusema ukweli, kama ukigundua ule utani wa bibi harusi ulikuwa umeandikwa na MC. Halafu nikasikiliza tena nikaona kumbe mambo ndo yanaanzia pale: mlango uleule, lakini akishaingia ndani kila usiku anapanga viti vyake upya. Anachelewa neno hapa, pale anaruka mstari anauacha kwa waitikiaji, kuna sehemu anavuta silabi moja mpaka Purdie anashikilia simbali kumngoja. Mifupa ileile, nyama tofauti. Usiku mmoja hauwezi kukuonyesha hilo hata uwe mtamu vipi, maana huna cha kulinganisha nacho.

Dr. Feelgood ndo zaidi. Ule mwisho wake ambapo wimbo wa mapenzi ya chumbani unageuka mahubiri, anauliza, ukumbi unajibu, anauliza tena, watu wa Fillmore ambao labda wengi wao kanisani hawajakanyaga wanaitikia kama wamezaliwa humo. Anafahamu anakoelekea, alikua akimsikiliza babake, C.L. Franklin, akifanya hivyohivyo madhabahuni. Lakini anafika kwa njia gani inategemea waliopo mbele yake wamempa nini. Sisi watu wa taarabu hii tunaielewa bila kufundishwa, mwimbaji akiona watu wanainuka kwenda kutunza hawezi kukimbilia beti inayofuata, anakaa palepale anaichezea mpaka noti ziishe. Ndo anachofanya Aretha, isipokuwa yeye anatunzwa kelele.

Halafu kuna Jumapili.

Jumapili ile Ray Charles yupo ukumbini. Aretha anaimba Spirit in the Dark, wimbo wake mwenyewe, unakwisha au tunadhani umekwisha, anashuka anaenda kumtoa Ray kule alikokaa anamleta jukwaani, na unasikia ukumbi unavyopasuka. Ray wimbo haujui vizuri, inasikika kabisa anabuni maneno, anamjibu Aretha kwa chochote kinachomjia, baadae anakalishwa kwenye kinanda cha Aretha na kuanza kukichapa. Kwenye santuri tukio hili lipo na ni zuri. Lakini kwenye boksi umelifikia baada ya Ijumaa na Jumamosi nzima, umeshazoea wimbo huu unavyokwisha, umeshajua bendi huwa inashukia wapi, kwa hiyo Jumapili usiposikia ule mshuko unajua mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba hapa hamna mtu anayejua kinachofuata. Sikiliza dramu tu. Purdie anapiga kama mtu anayemfuata mwenzake gizani kwa kushika shati. Hilo jambo hulipati bila zile Spirit za kabla yake, zile ambazo jamaa anataka zifutwe.

Na kuna nyimbo ambazo santuri iliziacha nje zikaja kuonekana hapa, kama Call Me na Share Your Love with Me. Tungeishi bila hizo? Tungeishi. Lakini Call Me yuko mpole mule mpaka unashangaa ndo huyuhuyu aliyefungua shoo kwa Respect ya mbio, mbio kuliko ile ya studio ya 1967, mpaka waitikiaji wanahema. Wexler alikuwa anataka moto na alikuwa anawaza mahipi, ndo maana akabakiza Love the One You're With na Eleanor Rigby (ambayo Aretha anaigeuza, anajiita yeye ndo Eleanor Rigby, ujasiri gani huo). Hizo zote amezipatia. Ila Aretha wa santuri ni mwanamke anayewaka muda wote na boksi linakukumbusha alikuwa pia anakaa chini, anapumua, anaimba kama anaongea na mtu mmoja. Alikuwa na miaka 28.

Kitu cha mwisho upande wangu ni King Curtis. Boksi lina seti zake yeye pia, kabla Aretha hajapanda, na Memphis Soul Stew pale mwanzoni anaita ala moja moja kama mpishi anayetia viungo, besi kidogo, dramu, gitaa, ogani, mpaka sufuria linachemka. Agosti 13 mwaka huohuo alichomwa kisu nje ya jengo lake New York akafa, miezi mitano tu baadae. Na ukumbi wenyewe Graham aliufunga Julai. Sasa ukijua hayo huwezi tena kusema hizi seti za mwanzo ni za kujazia sidii.

Hukumu yangu basi, maana mshkaji anasema sitoi hukumu. Kama una hela ya kitu kimoja nunua santuri. Kama umeshaikariri santuri kiasi kwamba unajua pale mtu anapopiga mluzi, tafuta boksi, sikiliza usiku mmoja kwa siku moja, usifululize, ukifululiza utaishia kufua nguo kama mimi na Elvis. Kopi za namba waachie wenye mashelfu. Na kama kazi yangu ingekuwa kuandaa hivi vitu ningefuata njia ya Ella mara nyingi, ya Aretha mara chache, na ya Elvis nisingeigusa kabisa, maana kumwaga kila kitu kunafaa pale tu mwimbaji alipokuwa anabadilika kutoka jana kwenda leo.

Nimemtumia mshkaji haya yote kwa maandishi, sikutaka voisi. Kanirudishia flashi jana jioni. Nimeichomeka nikakuta kafuta Ijumaa na Jumamosi, kabakiza Jumapili peke yake, na kwenye ile nafasi kajaza singeli.