Umbali Nao Uhesabiwe

Kila unapojadiliwa mgawanyo wa zahanati, walimu na barabara, hoja inayotangulia ni idadi ya watu. Kwa kipimo hicho sisi wakulima wa Liwale, mkoani Lindi, tutabaki nyuma daima. Sensa ya 2012 ilionesha kuwa Mkoa wa Lindi ulikuwa na watu 13 tu kwa kila kilomita ya mraba, ilhali Dar es Salaam ilikuwa na zaidi ya 3,000.

Uchache huu haukuletwa na ardhi mbaya wala uvivu. Vita vya Majimaji, ambavyo mwaka 1905 vilifika hadi kwenye boma la Wajerumani hapa Liwale, vilifuatwa na njaa iliyoangamiza watu wengi kusini. Kisha katika miaka ya 1940 utawala wa Waingereza ukawahamisha wenyeji wengi wa wilaya hii, kwa sababu ya malale na upanuzi wa Pori la Akiba la Selous. Walipoondoka watu, msitu ulirudi, na tembo nao wakarudi pamoja na msitu.

Ndiyo maana mahindi yakianza kukomaa, familia nzima huhamia shambani. Baba hukesha juu ya dungu akiwa na tochi na debe la kupiga, na pembeni mwa shamba hufungwa kamba yenye matambara yaliyolowekwa oili chafu na pilipili, kwa kuwa tembo hawaipendi harufu yake. Mtoto aliyekesha hapo hawezi kusoma vizuri asubuhi, hata kama shule ingekuwa jirani, nayo si jirani. Tembo wakipita usiku mmoja, chakula cha mwaka kimekwisha. Sheria inatambua kifuta jasho, yaani malipo kwa mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, lakini shamba lisipokaguliwa mapema hakuna cha kulipwa, na mkaguzi naye anazuiwa na umbali uleule unaotuzuia sisi.

Korosho ndiyo fedha yetu. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007, ambao mkulima hupeleka korosho ghalani, hupewa stakabadhi na kusubiri ziuzwe mnadani, naukubali, kwani mnada ni bora kuliko bei ya kuambiwa. Hata hivyo mgonjwa hasubiri mnada, na mwenye mgonjwa anayehitaji nauli ya kumfikisha hospitali ndiye anayeuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi walio nje ya mfumo kwa bei ya chini, korosho zikiwa bado mtini. Kumkemea bila kuisogeza zahanati ni kumwonea.

Naomba basi wapangaji waanze kuhesabu saa ambazo mjamzito hutumia kufika kwa mkunga wakati wa masika, badala ya kuangalia tu idadi ya wajawazito waliopo kijijini. Naomba pia askari wa wanyamapori wapangwe kukaa vijijini kuanzia mahindi yanapotoa mbelewele hadi yatakapovunwa, kwa maana askari anayeitwa kutoka mjini baada ya tembo kuingia hukuta mabua.