Laki Tano, Harusi ya Watu

Sawa. Najua wengi mmeshasikia, maana jamaa yangu mwenye sauti ya kondakta wa Gongo la Mboto amerekodi voisi ya dakika nne na kuirusha kwenye kila kundi alimo, likiwemo la wazazi wa darasa la pili, na mtoto wenyewe hana. Voisi ile ina uongo mmoja tu: sikucheza. Nilisimama, nikayumba kidogo, nikakaa. Mengine yote ni kweli.

Mnakumbuka Alhamisi niliwaandikia nini hapa. Uzi mrefu wa namna watu wanavyoshawishika kirahisi. Niliwasimulia Solomon Asch, Marekani, mwaka 1951: mtu anaonyeshwa mstari mmoja, anaulizwa upi kati ya mistari mingine mitatu unalingana nao kwa urefu. Mtoto wa chekechea anapata. Ila wenzake wote mezani wamepangwa, wanataja jibu la uongo bila kupepesa macho. Karibu robo tatu ya waliojaribiwa walifuata ule uongo angalau mara moja. Nikamalizia, bila haya: "Mimi hapo ningewaumbua." Dada mmoja akaniuliza kama nina uhakika, nikamjibu kwa kikatuni cha miwani myeusi. Dada, popote ulipo, nisamehe.

Haya. Jumapili, kikao cha tatu cha kamati ya harusi ya rafiki yetu, baa moja ya Sinza yenye vibanda vya makuti. Nimechelewa saa nzima. Ahadi yangu ninayo kichwani, elfu hamsini, nimeipanga tangu asubuhi. Mpare akishapanga, kapanga. Namuuliza mhudumu, "Kikao cha harusi kiko wapi?" Ananyoosha mkono, "Kule nyuma." Hakunidanganya. Kule nyuma kulikuwa na kikao cha harusi. Upande wa pili wa uzio wa makuti kulikuwa na kingine.

Nikanyatia, nikakaa kiti cha mwisho. Simfahamu hata mmoja. Nikajiambia hawa watakuwa upande wa ukoo. Kabla sijatulia nikawekewa soda baridi, kuku robo na ndizi za kukaanga. (Kwa mliosoma uzi: Dennis Regan, 1971, aliwapa watu chupa ya soda tu bila kuombwa, halafu akawauzia tiketi za bahati nasibu. Waliopewa soda walinunua kama mara mbili ya wasiopewa. Soda tu! Mimi nilikuwa na paja la kuku mdomoni.)

Katibu akasoma muhtasari wa kikao kilichopita. Sherehe itafanyika Morogoro. Mimi nilijua ni Mbezi. Nikatazama huku na huku, watu wanatikisa vichwa, basi na mimi nikatikisa. Ukumbi wa Mbezi utakuwa umewashinda bei. Kisha akamtaja bibi harusi.

Jina silo.

Hapa ndipo naomba mnihurumie. Mchumba wa rafiki yangu namfahamu, nimekula kwake pilau Idi mbili. Nikawatazama wale watu arobaini, hakuna aliyeshtuka. Unadhani niliwaza, "Nimepotea kikao"? Niliwaza, "Maskini, kumbe wameachana." Nikajilaumu kwa kutomjulia hali rafiki yangu siku nyingi. Nikaapa moyoni kwamba mimi si mtu wa kumuumbua mwenzangu mbele ya ukoo kwa kuuliza yule wa kwanza yuko wapi. Nikanyamaza kistaarabu, nikang'ata ndizi.

Zikaja ahadi. Mwenyekiti, mzee wa kaunda suti, anapita mstari kwa mstari na maiki. Wa kwanza, laki mbili, makofi. Wa pili, laki tatu. Mama mmoja mwenye kilemba akasimama taratibu kama anayekwenda kutoa ushuhuda: "Laki nne, na kreti tano za soda." Vigelegele. Elfu hamsini yangu ikaanza kunuka.

Maiki inakuja. Nauona mkono wa mzee, una saa ya dhahabu iliyochubuka. Naona upande wa pili wa meza katibu amenyanyua kalamu. Nasikia ubongo wangu ukisema hamsini, hamsini, hamsini. Nashika maiki, inapiga mluzi, watu wote wanageuka. Yule mama wa kilemba ananitabasamia, "Sema mwanangu."

"Shikamoo mwenyekiti. Mimi... laki..."

Ndugu zangu, ukishasema "laki" huwezi kurudi chini. Nyuma ya laki hakuna hamsini.

"...laki tano."

Kimya cha nusu sekunde, halafu baa ikalipuka. Mama wa kilemba akanifunga kanga yake mabegani. Hapo ndipo niliyumba. Mwenyekiti akaniuliza mimi ni nani kwa bwana harusi, nikajibu kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata kwenye usaili wa kazi: "Rafiki wa karibu sana, mzee. Tumesoma wote." Papo hapo nikateuliwa makamu mwenyekiti wa kamati ndogo ya vinywaji. Nikakubali. Tena nikauliza lini tunakaa.

Ndipo bwana harusi akaingia, katoka kwa fundi wa suti.

Sijawahi kumwona duniani.

Mwenyekiti akamshika mkono, akamleta moja kwa moja kwangu. "Rafiki yako ametufuta machozi!" Tukatazamana. Nilimwona akinitafuta usoni mwangu, kuanzia paji la uso, akashuka puani, akafika kwenye kanga, akarudi juu. Hakuna kitu. Mimi najua hanijui, na yeye anajua hanijui, ila watu arobaini wamesimama wanapiga makofi. Nikasema moyoni, sasa hivi ananiumbua, yamekwisha.

Akafungua mikono. "Kaka! Umepotea sana!"

"Majukumu, kaka," nikasema, nikiwa kifuani kwake. "Majukumu."

Tumekumbatiana kama watu waliookoka ajali moja ya basi. Na wakati nimeegemea bega la mtu nisiyemjua, juu ya uzio wa makuti kikachomoza kichwa cha yule jamaa yangu wa voisi. Alikuwa amesikia sauti yangu kwenye spika. Hakusema neno, alikuwa ameshanyanyua simu.

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Nilisingizia dharura, nikazunguka uzio, nikaingia kikao changu halisi, ambako walikuwa wamesikia kila kitu. Nikaombwa ahadi. Nikasema elfu hamsini. Bwana harusi wangu, wa kweli, niliyekula pilau kwa mchumba wake (hawajaachana, wanawasalimia), akaniangalia tu. Mtu mmoja nyuma akauliza kama ni lazima usiwe rafiki yangu ndipo upate laki tano. Nikapandisha hadi laki mbili. Hela yenyewe sina, wala ile ya kwanza sina.

Mwaka 2002 Emily Pronin na wenzake walionyesha kwamba watu huona mawazo ya wenzao yalivyopinda kuliko yalivyopinda ya kwao wenyewe. Hiyo nilikuwa nimeiandaa iwe uzi wa Jumatatu. Nimeifuta.

Tatizo ni kwamba namba yangu nilikuwa nimeshampa katibu. Nimo kwenye kundi lao la WhatsApp. Kila asubuhi orodha inashuka, na mimi ni wa 17: "Rafiki wa karibu sana, 500,000, bado." Kujitoa siwezi, wataona nimejitoa. Mama wa kilemba ananitumia maua ya asubuhi njema, na kanga yake bado ninayo.

Jana usiku bwana harusi akanitafuta pembeni. "Kaka samahani, nimejitahidi kukumbuka. Tulisoma wote wapi vile?"

Nikakaa na ile simu dakika kumi. Mwisho nikaandika, "Aa kaka, zamani sana hiyo."

Akaanza kuandika. Akaacha. Akaanza tena.

"Aaaah! Nimekukumbuka! Si wewe uliyekuwa golikipa?"

Mimi mpira sijawahi kucheza maishani. Lakini tangu jana kuna penalti moja inanijia kichwani, na naona kabisa nimeruka kushoto.