Kwa mboga za majani sawa, kwa mahindi hapana

Mwandishi wa makala niliyosoma anasema kilimo cha ghorofa, yaani mazao kupandwa rafu juu ya rafu ndani ya jengo, kinaokoa maji na kitachukua nafasi ya shamba. Hapo sikubaliani naye, ingawa kuhusu maji amesema kweli tupu. Bustanica, shamba la aina hiyo huko Dubai lililofunguliwa 2022, limejengwa kutoa zaidi ya kilo milioni moja za mboga za majani kwa mwaka. Maji yenye virutubisho hupita kwenye mizizi, yanayobaki yanasafishwa na kurudishwa, na hata unyevu unaotoka kwenye majani hunaswa. Wenyewe wanasema wanatumia maji pungufu kwa asilimia 95 kuliko shambani. Kwa nchi ya jangwa inayoagiza chakula kingi kutoka nje, hilo ni jambo kubwa mno.

Lakini umeme! Jua la bure limeachwa, taa za LED zinawaka saa nyingi kila siku, na viyoyozi juu yake. AeroFarms, kampuni ya kilimo hicho ya Marekani, iliomba kinga ya mufilisi (ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaoidai) 2023, na mwenzake Bowery ikafunga 2024. Letusi inastahimili gharama hizo kwa sababu inakomaa haraka na unakula karibu yote. Mmea wa mahindi unakula mwanga kwa miezi kujenga bua tusilolila.

Kwa Nairobi, mimi ningeanza na magunia ya udongo yaliyopandwa sukuma wiki kama yale ya Kibera: mawe katikati ili maji yashuke mpaka chini, miche ikichomoza ubavuni. Kaunti iweke fedha hapo kwanza.