Tuonyesheni Hesabu ya Kura

Ugomvi unaofuata fainali za mashindano ya vipaji kwenye televisheni haubadiliki. Mmoja atasema mshindi kabebwa. Mwingine atasema majaji walishapanga tangu mapema. Wa tatu atalaumu nchi fulani au mkoa fulani kwa kujaza kura. Nimekuwa ndani ya mabishano hayo tangu enzi za mwanzo za Bongo Star Search na Tusker Project Fame, na siku hizi naamini tunabishana bure kwa sababu kitu cha kubishania tumefichwa. Mtazamaji anakatwa salio kupiga kura, anasubiri hadi usiku wa manane, jina linatajwa, karatasi za rangi zinamwagwa jukwaani, kwisha. Wa kwanza alipata kura ngapi? Wa pili alizidiwa kwa kura mia au kwa laki mbili? Hakuna anayesema.

Chukua Tusker Project Fame, shindano la kuimba lililotukusanya wana Afrika Mashariki mbele ya runinga kuliko jingine lolote. Mwaka 2006 alishinda Valerie Kimani wa Kenya. Mwaka 2008 Esther Nabaasa wa Uganda, 2009 Alpha Rwirangira wa Rwanda, 2010 Davis Ntare wa Uganda, 2012 Ruth Matete wa Kenya, na 2013 Hope Irakoze wa Burundi. Misimu sita, Tanzania haikupata hata mmoja. Mtanzania mwenzetu Peter Msechu alipofika fainali mwaka 2010, mtaani kwetu tulikwishajipa ushindi, na alipokosa, maneno yakawa yaleyale: shindano linadhaminiwa na bia ya Kenya, linarushwa kutoka Nairobi, ungetegemea nini?

Lakini tazama tena orodha hiyo. Kama shindano lilikuwa la kuwabeba Wakenya, ushindi wa Rwanda na Burundi utaueleza vipi? Nchi hizo hazina watu wengi kama Kenya wala Tanzania. Basi labda Watanzania tulikuwa tunashangilia sana na kupiga kura kidogo. Labda Waganda na Wakenya waligawana kura kati ya washiriki wao wengi, kijana wa Burundi akapita katikati. Labda Hope aliimba vizuri kuliko wote na watu wa nchi zote wakamkubali, jambo ambalo mimi nalipenda zaidi kuliko hayo mengine. Hizo zote ni dhana. Jedwali moja tu la kura kwa kila nchi lingemaliza maneno, na heshima ya washindi wale sita ingelindwa. Maana anayeumizwa zaidi na usiri huu ni mshindi halali, anayetembea miaka yote na minong'ono kwamba alibebwa.

Big Brother Africa, lile la washiriki kuishi nyumba moja mbele ya kamera, halikuwa shindano la kipaji, lakini waandaaji wake walilifikiria suala hili. Kura za watazamaji wa nchi moja zilihesabiwa, na aliyeongoza katika nchi ile alipewa kura moja ya nchi. Nigeria yenye watu wengi ilikuwa na kura moja kama Namibia. Ndiyo maana Idris Sultan wa Tanzania aliposhinda mwaka 2014 hakuna aliyeweza kusema Watanzania walinunua vocha nyingi kuliko wengine, kwani vocha zetu zote zilizaa kura moja tu.

Suala la vocha ndilo linaloniuma zaidi. Meseji ya kura huwa ghali kuliko meseji ya kawaida, na mashindano mengi yanakuruhusu kutuma kadiri unavyotaka. Maana yake ni kwamba mwenye fedha ana sauti kubwa. Mshiriki mwenye mjomba mfanyabiashara ataamka Jumatatu akiwa salama, na binti aliyetoka kijijini, ambaye mashabiki wake wana salio la kununulia kifurushi cha siku moja, atafungasha begi. Wanaotetea utaratibu huu husema mashindano yanahitaji fedha ili yaendelee. Nakubali kwamba jukwaa, taa, bendi na malazi ya washiriki vinagharimu. Ila kama ninachouziwa ni mchango wa kuendesha kipindi, niambiwe ni mchango. Mkikiita kura, basi kifuate adabu ya kura: laini moja ya simu iwe na kikomo, na hesabu ionekane.

Wala si Afrika peke yake. Mwaka 2009, kwenye fainali ya American Idol, shindano la kuimba la Marekani, kati ya Kris Allen na Adam Lambert, ilikuja kujulikana kwamba wafanyakazi wa kampuni ya simu ya AT&T, mdhamini wa shindano lenyewe, walipeleka simu kwenye sherehe za mashabiki wa Allen huko Arkansas na kuwaonyesha namna ya kutuma kura kumi au zaidi kwa mkupuo. Waandaaji walisema matokeo hayakuathirika. Huenda ni kweli, ila ukimwambia mtu aamini bila kumwonyesha tarakimu unamwomba imani, na imani hiyo ilikuwa imekwisha kutikiswa.

Uingereza walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2007 ilibainika kwamba vipindi kadhaa vya kupiga simu vilikuwa vinakusanya fedha za watazamaji huku maamuzi yakifanywa kwingine. Katika Soapstar Superstar ya ITV, shindano la waigizaji kuimba, watayarishaji waliziweka kando kura za watazamaji za kuchagua nyimbo. Mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, Ofcom, iliipiga ITV faini ya jumla ya pauni milioni 5.675 mwaka 2008 kwa makosa ya vipindi vyake kadhaa, hicho kikiwemo. Baada ya misukosuko ile, The X Factor, shindano la kuimba la hukohuko, ikawa na desturi ya kutoa asilimia za kura za kila wiki msimu ukiisha. Ndiyo sababu leo mtu yeyote anaweza kujua kwamba Matt Cardle, mshindi wa 2010, alikuwa akiongoza karibu kila wiki. Ushindi wake unaweza usiupende, lakini kusema kaibiwa mtu huwezi.

Wapo watazamaji wanaotaka kura ya wananchi ifutwe kabisa, majaji waamue. Siwaungi mkono. Jaji naye ana rafiki, ana studio, ana ladha yake, na wakati mwingine ana hasira zake. Wapo wanaotaka majaji wanyamaze kabisa, na hao nao siwaungi mkono, kwa kuwa kuna sauti zinazohitaji sikio lililozoea ili zitambuliwe mapema. Ninachotaka ni mchanganyiko unaoonekana. Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, tangu mwaka 2016 hutangaza alama za majaji na za watazamaji kila moja peke yake. Mtu haruhusiwi kuipigia nchi yake, na kwa miaka mingi kikomo kilikuwa kura 20. Mwaka 2023 watazamaji walimpa Käärijä wa Finland alama 376 na Loreen wa Sweden 243. Majaji wakampa Loreen 340 na Käärijä 150. Loreen akashinda kwa jumla, na watu wakapiga kelele hasa. Lakini walipiga kelele wakiwa na namba mkononi, wakijadili kama inafaa majaji wawe na uzito ule. Mjadala wa namna hiyo una faida, unaweza hata kubadilisha kanuni. Wa kwetu hauwezi kubadilisha chochote.

Kuna jambo jingine nisiloweza kulipita, nalo ni usaili. Tunacheka sana tunapoona kijana anaimba vibaya mbele ya majaji, anafokewa, anatoka analia. Katika mashindano makubwa ya Marekani na Uingereza, mtu hafiki mbele ya majaji maarufu kabla ya kupita kwa wafanyakazi wa kipindi wanaosikiliza na kuchuja maelfu. Kwa hiyo asiyeweza kuimba aliyefika mbele ya kamera alipitishwa makusudi, akiambiwa au akiachwa aamini kwamba amefaulu. Hapo kuna mtu mzima aliyekaa na kuamua kwamba kijana huyu atafaa kuchekwa. Naliona ni jambo baya, na linakuwa baya zaidi pale klipu inapobaki mtandaoni miaka kumi baadaye, kijana ameshakuwa baba wa watoto. Majaji wakali siwachukii. Ian Mbugua wa Project Fame alikuwa mkali, ila ukali wake ulikuwa juu ya wimbo, pumzi na matamshi, kwa watu walioingia jumbani kwa uwezo wao na kupewa walimu.

Nikiyasema haya huwa najibiwa kwamba kipaji hakipotei. Jennifer Hudson alitoka nafasi ya saba American Idol mwaka 2004 na miaka mitatu baadaye akawa na tuzo ya filamu ya Oscar. Kundi la One Direction walikuwa wa tatu kwenye The X Factor. Sawa, lakini tunawataja hao kwa sababu walifanikiwa. Kijana aliyeacha kazi Mwanza, akaja Dar es Salaam na kuchujwa wiki ya tatu kwa kura ambazo hakuna aliyeziona, hana filamu inayomsubiri. Anastahili angalau kujua alikosa kura ngapi, ili arudi nyumbani akijua kama wananchi walimkataa au vocha ndizo zilizomshinda.

Na hili linawezekana bila sheria mpya. Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ndiyo inayotoa leseni kwa vituo vya televisheni na kwa kampuni za simu, na namba fupi zinazotumika kupigia kura ziko chini yake. Kenya na Uganda nazo zina mamlaka zinazosimamia pande zote mbili. Kinachohitajika ni sharti la ziada kwa yeyote anayeomba namba ya kura ya kulipia: awekewe kikomo cha kura kwa kila laini, mkaguzi asiye wake ahesabu, na matokeo kamili ya kila wiki yatolewe hadharani ndani ya siku saba baada ya fainali, pamoja na kiasi cha fedha kilichokusanywa.