Ukishindwa kesi, mwandikie Msajili

Ukishindwa kesi ya madai Mahakama Kuu ya Tanzania na unataka kwenda Mahakama ya Rufani, barua unayopaswa kuiwahi ni ya aya mbili tu, na anayeandikiwa si Jaji. Ni Msajili, ofisa wa Mahakama Kuu anayesimamia nyaraka za kesi. Nalisema kwa mkazo kwa sababu barua ninazoonyeshwa na ndugu na majirani ni za kurasa nne, zimejaa "Mheshimiwa Jaji, nimedhulumiwa" na historia ya shamba tangu enzi za babu. Uchungu wao ni wa kweli. Lakini hukumu ikishasomwa, haipingwi kwa barua. Na Jaji hatakiwi kusikia upande mmoja kisirisiri.

Barua ninayoisema huomba nakala za mwenendo wa kesi (kumbukumbu za yaliyosemwa na kufanyika mahakamani), hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu). Kanuni ya 90 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009 inampa mrufani siku 60 tangu alipowasilisha notisi ya rufani, yaani taarifa ya maandishi kwamba anakusudia kukata rufani, awe amefungua rufani yenyewe. Nakala zinaweza kuchelewa kupita hapo. Basi ukiziomba ndani ya siku 30 tangu hukumu, muda ambao Msajili atathibitisha kuwa ulitumika kuziandaa hauhesabiwi. Sharti ombi liwe la maandishi, na mpinzani wako apewe nakala ya barua hiyo. Usipompa, nafuu hiyo huwezi kuitegemea, hata kama aliyechelewa ni mahakama yenyewe.

Hilo la mpinzani ndilo linaloniuma. Nani, bila kuambiwa, angewaza kumpelekea barua mtu aliyetoka kumshinda mahakamani? Asiye na wakili atajuaje?

Kwa hiyo andika namba ya shauri, majina ya wadaawa kama yalivyo kwenye hukumu, tarehe ya hukumu, na unachoomba. Chini weka "Nakala kwa" na jina la mpinzani. Mpelekee, asaini na kuweka tarehe kwenye nakala unayobaki nayo. Masjala nao wakugongee muhuri wa kupokea.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yameifanya lugha ya mahakama kuwa Kiswahili, nami nayashukuru sana. Sasa nataka kila masjala ya Mahakama Kuu ibandike ukutani mfano wa barua hii, siku 30 zikiandikwa kwa herufi kubwa. Na karani akipokea barua isiyo na "Nakala kwa", amwambie mwenyewe papo hapo, kabla hajagonga muhuri.