Usiulize fremu zimeshuka kiasi gani, uliza zimeshuka lini

Mtoto wa dada yangu alikuja kwangu Tabata Jumamosi moja, begi mgongoni na sura ya mtu aliyetoka msibani. "Shikamoo anko." Marahaba. Hata maji hakunywa, akafungua laptopu mezani. Anacheza GTA V, gemu iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015, na kwa miezi yote mashine ilikuwa inampa fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde bila kelele. Sasa ikifika robo saa inaporomoka mpaka 22, mara 18, gari linakwenda kama linasukumwa kwenye tope la masika, linapata nguvu kidogo, linazama tena.

"Anko, hii mashine imerogwa."

Ushauri alikuwa ameshakusanya wa kutosha. Wenzake walimwambia ashushe setingi zote. Fundi mmoja akasema kadi ya michoro, ile inayochora picha za gemu, imechoka, anunue laptopu nyingine, na kwa bahati nzuri yeye fundi alikuwa nayo ya kuuza. Mwingine akamfutia Windows yote na kuiweka upya. Setingi zilishushwa mpaka miti ya Los Santos, jiji la ndani ya gemu, ikawa kama imechorwa na mtoto wa chekechea, na dakika ya kumi na tano ikabaki vilevile.

Huo ushauri wa "shusha setingi" mimi nina ugomvi nao wa muda mrefu. Kama mashine ilimudu gemu mwezi jana na leo haimudu, na gemu ni ileile, basi kazi haijaongezeka. Kuna kitu kingine kimebadilika. Kushusha setingi hapo ni kama kuteremsha abiria kwenye daladala yenye pancha: itajikokota, lakini pancha iko palepale. Isitoshe, setingi nyingi zinampa nafuu kadi ya michoro tu. Kama anayechelewa ni prosesa, ule ubongo wa mashine, shusha risolusheni mpaka uone visanduku, fremu hazitasogea.

Kwa hiyo mimi naanza na swali la lini. Inakwama kila kinapotokea kitu kipya kwenye skrini, mlipuko wa kwanza, adui wa kwanza, halafu mara ya pili haikwami? Hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba gemu inatayarisha sheda zake, yaani vijiprogramu vya kuchorea mwanga na rangi, wakati wewe unacheza, na hata kadi ya bei mbaya haikuokoi. Elden Ring ilipotoka Februari 2022 watu wenye mashine za kutisha walikwamakwama nayo, wachapishaji wakakiri hadharani kwamba kuna tatizo upande wa kompyuta, na Valve, wenye duka la gemu la Steam, wakapunguza sehemu ya tatizo hilo kwenye Linux kupitia Proton, programu yao inayoendesha gemu za Windows huko. Mtu aliyekimbilia dukani wiki ile alipoteza hela zake. Inakuwa nzito ukiingia katikati ya jiji baada ya kuzunguka muda mrefu? Angalia kumbukumbu ya kadi: ikijaa, vitu vinahamishiwa kwenye RAM ya kawaida, na njia ya kwenda huko ni nyembamba. Inakwama bila mpangilio huku taa ya diski haitulii? Kuna kitu kinajishushia apdeti nyuma ya pazia. Tangu siku ya kwanza fremu ni chache kuliko za wenzako wenye mashine kama yako? Huenda gemu inatumia kadi ndogo iliyomo ndani ya prosesa na ile kubwa imelala. Ingia kwenye setingi za Windows, sehemu ya michoro, uichagulie gemu kadi kubwa wewe mwenyewe.

Na usiamini namba moja ya fremu. Kwa fremu 60, kila fremu ina milisekunde 16.7 za kukamilika. Sasa chukua sekunde ambayo fremu 48 zimepita vizuri na moja tu imechukua milisekunde 200. Kaunta itakuandikia 49, utadhani mambo ni mazuri, lakini jicho limeshaona gari likiruka kutoka hapa mpaka pale. Ndiyo maana mimi naangalia mstari wa muda wa kila fremu, ambao programu ya MSI Afterburner inakuchorea pembeni ya skrini bila malipo.

Kwa kijana wetu jibu la lini lilikuwa wazi: dakika kumi na tano, kila mara. Kitu kinachochukua dakika kumi na tano kuharibika kwenye laptopu, kwanza mtuhumu joto. Tukawasha HWiNFO, programu inayoonyesha joto na kasi ya mashine, akacheza. Dakika ya tano prosesa nyuzi 88. Dakika ya kumi 95. Ilipogusa 99 nikamwambia aangalie kasi: kutoka gigahezi 3.8 ikaanguka mpaka 1.4, na fremu zikaanguka nayo sekunde hiyohiyo. Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa kikomo karibu na nyuzi 100, zikikifikia zinajipunguzia kasi zisiungue. Mashine ilikuwa inajiokoa.

Nikamuuliza anachezea wapi. Kitandani. Juu ya godoro, matundu ya hewa yakiwa yamezama kwenye shuka, feni inavuta hewa ya chumba chenye bati na joto la Dar la mwezi wa pili. Tulipofungua kifuniko cha chini, nyuma ya feni palikuwa na vumbi lililogandamana kama kipande cha blanketi. Tukalitoa kwa brashi ya rangi (mpya, usije na iliyotumika kupaka mlango), tukiishika feni kwa kidole isizunguke. Ile pesti ya kijivu kati ya prosesa na chuma cha kupoozea ilikuwa imekauka na kuwa unga. Tukapaka nyingine, kiasi cha punje ya choroko. Kabla ya hapo nilimwonyesha pia njia ya mkato ambayo watu wanaidharau: kwenye mpangilio wa umeme wa Windows, teremsha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye laptopu nyingi za Intel hiyo inazima ule mwendo wa ziada ambao prosesa hujiongezea, unapoteza kasi kidogo na joto linashuka sana.

Nyuzi 81, fremu 60, saa nzima. Nikajiona daktari bingwa.

Siku tatu baadaye simu. "Anko, imerudi." Ila safari hii si robo saa. Inacheza vizuri saa nzima na zaidi, halafu inaporomoka, na joto liko 80 tu. Nikamwambia atazame betri. Asilimia 9, na chaja imechomekwa. Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuona kama lina maana: chaja ya mwanzo iliungua, akanunua nyingine inayoingia kwenye tundu lilelile. Ya zamani ilikuwa wati 180. Hii mpya imeandikwa 65. Laptopu ilikuwa inajazia pengo kutoka kwenye betri, na betri ilipokaribia kuisha ikainyima kadi ya michoro umeme. Alikuwa ameshaanza kuulaumu umeme wa mtaani kwao kuwa mdogo, lakini chaja hizi zinapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo taa kufifia jioni hakukuwa na uhusiano wowote na shida yake.

Amepata chaja ya wati 180 iliyotumika. Ile ndogo anaibeba chuoni, kwa kuandikia kazi zake tu.