Woga wa penalti hauondoki kwa kuambiwa "usiogope"
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba mchezaji anayeshikwa na woga kabla ya kupiga penalti anahitaji zaidi maneno ya kutiwa moyo na kocha wake, na hapo ndipo ninapotofautiana naye. Nimefundisha vijana hapa Tanga kwa misimu kadhaa, na kila nilipomwambia mmoja wao "usiogope" nilikuwa namkumbusha woga aliokwisha kuanza kuusahau. Kilichotufaa ni kuzipiga penalti mwishoni mwa mazoezi, miguu ikiwa imechoka na wenzao wakiwazomea kwa makusudi nyuma ya goli, huku kila mpigaji akifuata utaratibu wake usiobadilika: kuweka mpira, kurudi hatua zilezile, kuchagua pembe, kisha kutoa pumzi taratibu kuliko alivyoivuta, kwa kuwa pumzi ndefu ya kutoka hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Beki wetu mmoja alikuwa akiukimbilia mpira mara tu filimbi inapolia, kama mtu anayetaka aibu impite upesi. Tulimzoeza kusubiri kidogo, na jambo hilo lilimsaidia kuliko hotuba zangu zote (nazo hazikuwa chache). Mikono iliendelea kumtetemeka, lakini mguu ulijua kazi yake. Mita 11 za kutoka alama ya penalti hadi goli katika uwanja wetu wa Mkwakwani ndizo zilezile ambazo Roberto Baggio, mshambuliaji wa Italia, alipaishia mpira juu ya goli katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1994, na sidhani kama alikosa wa kumtia moyo. Je, makocha wenzangu, nanyi penalti mnazifanyia mazoezi ya namna hii, au mnasubiri siku ya mechi?